Naam ya Ukutani

Siku ile nilipika mseto wa chooko na mchuzi wa samaki, nikatia kwenye bakuli, nikampelekea mkaza mwanangu hospitali. Mwaka jana huo, sitini na saba. Badriya, mke wa mwanangu Zahor, alikuwa nesi wa wodi ya wanawake. Mie, nisiseme uongo, nilikuwa simpendi. Lakini vyangu alikuwa anakula.

Zamani alikuwa nesi kweli. Mgonjwa akimwita, naam inatangulia, miguu inafuata. Kisha wenzake wakaondoka mmoja mmoja; manesi kumi na wanne wakabaki watano. Akawa anashika zamu mbili. Akaahidiwa kwenda kusoma, akapelekwa mwengine. Tangu hapo akaiona kazi kama mke mwenza. Na mtu aliyechukia kazi hamlipizi mkubwa wake. Humlipiza aliyelala.

Kitanda namba tisa, ubavuni mwa ukuta, alilala Bi Mwanapili, kikongwe wa Uroa asiye na mtu. Nilimkuta kashika kopo lake la bati, lina tisa ya rangi nyekundu.

"Badriya, mwanangu. Maji."

Badriya kakaa, anajipepea.

"Unaitwa," nikamwambia.

"Nasikia, mama. Masikio ninayo." Akamgeukia kikongwe. "We bibi, naam zangu zimekwisha. Ita ukuta!"

Mtoto wa Kiunguja hufunzwa naam kabla ya Alhamdu. Kumnyima mtu maji ni ubaya. Kumnyima naam ni kumwambia kuwa hayupo.

Kikongwe akamtazama sana. Kisha akajigeuza, akaweka midomo kwenye chokaa.

"Haya," akanong'ona. "Badriya. Badriya. Badriya."

Saa saba mchana, jua la utosi, akafa. Kopo kavu.

Mtaniuliza mie nilifanya nini. Nilikuwa nimeshika bakuli.

Kesho yake saa ile ile nimo wodini na bakuli langu, mgonjwa mmoja akaita nesi. Badriya akafungua mdomo. Haikutoka sauti.

"Naam," ukasema ukuta.

Kwa sauti yake.

Wagonjwa wenye miguu wakatoka mbio.

Maneno mengine yote alibaki nayo, matusi hasa. Lakini ukimwita, haitiki. Nyumbani Zahor akimwita, mke kaachama mbele yake, naam inatoka ukutani nyuma ya kabati. Mganga mmoja alikula jogoo wetu akaondoka bila ya kuaga.

Mie nilicheka. Nilicheka mpaka mjukuu wangu Tamima, mtoto wao wa miaka mitano, aliposhikwa na homa.

Wodi ya watoto imejaa. Akalazwa wodini kwa mamake, kwenye kitanda pekee kilichokuwa kitupu.

Tisa.

"Mama," akaita.

Badriya yupo, kamshika mkono. Akaachama. Machozi yanatoka, sauti haitoki.

"Naam, mwanangu," ukasema ukuta.

Mtoto akageuka. Akautazama ukuta. Akatabasamu.

"Mama, maji."

"Njoo."

Mkono ukamponyoka mamake. Mtoto akajikokota. Akaweka midomo kwenye chokaa. Hapumui.

Badriya akalikwapua lile kopo la kikongwe, akakimbia, akarudi limejaa. Hakumpa mtoto. Akaumiminia ukuta.

"Kunywa, bibi," akanong'ona. "Kunywa, nakuomba."

Hakuna tone lililofika sakafuni.

Mtoto akavuta pumzi. Jioni homa ikashuka.

Naam ya Badriya haikurudi. Na kwa kuwa hawezi kuitika, hangoji kuitwa. Mchana kutwa anazunguka vitandani, kopo huku, kopo kule. Wagonjwa wanamsifu eti ana moyo. Moyo! Anaogopa, basi.

Ningeishia hapo. Lakini leo asubuhi nilikuwa nafagia chumba cha Tamima. Chini ya kitanda, ubavuni mwa ukuta, nikakuta kopo la bati. Tisa nyekundu.

Badriya anaapa hakulileta. Zahor anaapa.

Nikaita, "Tamima! Nani kaweka kopo hili?"

"Naam, bibi."

Karibu sana. Sauti yake yenyewe, na kile kikohozi alichobaki nacho tangu homa.

Ndipo nikakumbuka kuwa alfajiri ile nilimpeleka chuoni kusoma Kurani mwenyewe, kwa mkono wangu, na hajarudi.

Nikaliinamisha kopo. Kavu.