Fremu ya Mwisho Darini

"Dada, godoro hulaliwa, halipigiwi makofi!"

Duka zima lilicheka. Mwanamke mwenye gauni la kijani, aliyekuwa akipiga makofi mbele ya kila godoro na kutega sikio, hakuona haya hata kidogo.

"Sitaki la kulalia. Nataka la kubandika darini."

"Kwani wewe popo?"

Alikuwa msomaji wa hadithi redioni, na wenzake walimwita Chiriku. Mwenye ulimi huo alikuwa fundi makochi, mrefu, shati limejaa nyuzi. Mapenzi hayana adabu. Yalianzia hapo hapo, kwenye vumbi la sponji.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa Chiriku. Dari ilikuwa chini mno, fundi aliigusa kwa kiganja bila kujinyoosha.

"Sauti inapanda, inagonga dari, inarudi kwenye maikrofoni," Chiriku alieleza. "Nasikika kama nimo ndani ya pipa. Redioni wamechoka nami."

Fundi aliunda fremu za mbao, akazijaza sufi nzito, akazivika kitambaa na kuzifunga darini moja moja. Simu zikawa za kutwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, nawe hunipi nafasi ya kumeza?"

Ikabaki fremu moja tu, ya juu ya kiti cha kusomea. Hapo Chiriku akaanza visingizio: leo kichwa, kesho mafua.

Mchana mmoja, Chiriku akiwa jikoni, fundi alivaa hedifoni asikilize alichorekodi. Kila Chiriku alipotua kuvuta pumzi, sauti ya mwanamume ilinong'ona: "Polepole, mke wangu."

Nywele zilimsimama. Kisha wivu ukauzidi woga.

"Kumbe una mume, unanichezea tu!" Akaondoka, hata nyundo akaiacha.

Chiriku alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Mume wangu alifariki, fundi. Dari ile aliishusha kwa mikono yake, nipate mahali pa kusomea. Anasikika kwenye ule uwazi wa juu ya kiti tu. Nikiufunika, nampoteza. Nisipoufunika, naikosa kazi, na wewe nakukosa."

"Kesho nakuja," fundi akasema.

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akavua kofia, akasimama chini ya uwazi ule.

"Shikamoo, kaka. Mimi fundi tu. Nampenda mkeo. Naomba ruhusa nimtunze."

Walisikiliza pamoja, hedifoni moja, kila mtu na sikio lake. Kwanza kimya. Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo, na neno moja: "Mtunze."

Chiriku alilia bila kujificha. Alimpenda marehemu, alimpenda na huyu, na moyo ulimuuma pande zote mbili. Akaiinua fremu mwenyewe, akampa fundi. Skrubu ya mwisho ilipokazwa, baridi ilishuka mabegani mwao, ikapita, ikatoka bila mlango kufunguka.

"Basi," fundi akasema. "Nimeposa."

"Umeposa dari!" Chiriku alifuta machozi. "Mimi hujaniuliza."

"Utakubali kuwa mke wangu?"

"Nimekubali."

Kwa mazoea akatua, akasikiliza juu. Palikuwa kimya. Aliyekuwa akipumua mle, zaidi yake, ni fundi peke yake.