Kovu la Pasi kwenye Slaidi ya Nne

Kovu langu lilikuwa ukutani...

Si picha yake. Maelezo yake. Slaidi ya nne, mbele ya wanafunzi sitini na wawili wa saikolojia, mwaka wa tatu:

"Mteja K. Mwanamke, miaka 22. Mama fundi cherehani, baba dereva wa malori, nyumba ya vyumba viwili. Alikojoa kitandani hadi miaka 16. Ana kovu la pasi mkono wa kushoto, alilolipata akikausha shuka."

Jamani, siku hiyo nilivaa mikono mifupi.

Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine.

Aliyekuwa mbele akibonyeza slaidi ni mwenzangu wa chumba. Tunamwita Bi Takwimu kwa sababu huhesabu hata ngazi anazopanda. Miaka miwili tunalala kitanda na kitanda, sabuni moja.

Niwaeleze alivyoyapata. Kwenye somo la ushauri nasaha tunafanya mazoezi wawili wawili, mmoja mshauri, mwingine mteja. Sharti ni moja: mteja alete tatizo la kubuni.

Mimi sijui kubuni. Nilileta la kweli. Kosa hilo ni langu, naliandika kabla hamjaniandikia kwenye maoni.

Nilimkuta kwenye korido akikunja waya wa kompyuta.

"Shosti, si yalikuwa mazoezi? Nilijua umetunga."

"Na kovu? Nalo nililitunga?"

Akatazama mkono wangu, kisha waya wake.

"Bila kovu kisa kingekuwa chepesi."

Nikaona kinyaa. Si hasira, hasira naijua, ina joto. Hiki kilikuwa kile cha kukuta unywele kwenye chai uliyokwisha kunywa nusu.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mhadhiri wetu, mama wa makamo asiyepandisha sauti. Nilikuwa na hoja tatu, zote na tarehe. Nilitaka ripoti ile ya slaidi ifutwe na Bi Takwimu afukuzwe kozi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ripoti haitapokelewa, na mwenzangu ataitwa mbele ya kamati ya maadili wiki ijayo. Nikashukuru, nikainuka.

"Kaa kidogo, binti."

Akafungua kabati, akatoa ripoti ya mwaka wa pili. Jina langu juu. Akasoma polepole: Mteja M, miaka 48, fundi cherehani, mume dereva wa malori, nyumba ya vyumba viwili.

"Leo nimeingia nyumba hii mara ya pili," akasema. "Huyu alikupa ruhusa?"

Nikaketi tena, hoja zangu tatu nikaziacha mlangoni.

Mteja M ni mama yangu. Niliandika jambo alilonieleza akiwa anashona, jambo ambalo hata baba halijui, kuhusu sanduku lililo chini ya kitanda chake. Nilibadilisha jina, nikaona nimemaliza maadili. Nikapata alama themanini na nane, nikazibandika ukutani juu ya mto wangu.

Kinyaa kile kile, wapendwa. Safari hii unywele ulitoka kichwani mwangu.

Na mjue huyu mama ni nani. Miaka kumi aliamka kabla ya watu wote, akavua shuka langu, akalifua, akalipiga pasi likiwa bichi lisije likaonekana kwenye kamba. Baba akiuliza mbona godoro limelowa, alisema yeye ndiye kamwaga maji. Kovu nililipata siku niliyojaribu kumsaidia.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Cherehani ikanyamaza.

"Walikupa ngapi?"

"Themanini na nane."

"Juu ya mia?"

"Ndiyo, mama."

"Kumi na mbili walikunyima za nini?"

Nilikumbuka wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa mwisho.

"Waliandika kwamba... sikueleza kwa nini mteja aliniamini."

Akarudisha mguu kwenye kanyagio. Alishona pindo zima bila kuniangalia.

Mbele ya kamati sikuomba mtu afukuzwe. Niliweka mezani ripoti mbili, ya Bi Takwimu na yangu. Sasa tunarudia somo wote wawili, dawati moja. Hatuongei sana.

Haya mnayosoma, mama ameyasoma kwanza, miwani puani, mkasi mkononi. Penye sanduku amefuta mistari minne.

Wewe unayesikiliza watu, kwa kazi au kwa urafiki: kuficha jina ni kazi ya dakika moja. Mama alificha shuka miaka kumi. Omba ruhusa kwanza, ndipo uandike.

Na msiniulize sandukuni kuna nini. Siku hizi lina kufuli.