Ukuta Uliombeba Mama Mkwe

Nyumba ya Mama Vicheko, fundi cherehani, haikukaukiwa watu. Wateja, majirani, wapita njia wenye habari mbichi: wote walijazana sebuleni. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi.

"Ukuta huu wa katikati utoke," alimwambia mumewe. "Sebule na chumba cha kulia viwe kimoja. Watu wapumue!"

Mumewe, dereva wa lori, hakuwa na ubishi. Alibomoa mita nne za ukuta. Juu ya pengo akapitisha mbao. Hakupata ubao mrefu, kwa hiyo akaunga mbili fupi kwa misumari, katikati kabisa.

Siku ya tatu, mlango wa mama mkwe huko ghorofani ukagoma kufunga.

"We mkwe!" bibi aliita kutoka juu. "Nyumba yako imeanza ukaidi!"

Wote wakacheka, isipokuwa jirani mmoja, mwanamke aliyeitwa Nondo. Yeye kazi yake ilikuwa kufunga nondo kwenye majengo. Aliinua macho. Juu ya zile mbao palikuwa na ufa wa kuingia kidole.

"Hapo juu kuna nini?" aliuliza.

"Chumba cha mama mkwe. Na tangi la maji."

"Mama ashuke sasa hivi. Tangi limwagwe. Na nyinyi nyote, nje!"

"Shoga, unanitia presha!" alisema Mama Vicheko.

"Heri presha kuliko kifusi."

Bibi alishuka na mto wake kwapani, akinung'unika. Nondo akaita mafundi wenzake. Wakaitegemeza sakafu ya juu kwa miti minene, pande zote mbili za pengo.

Huko uani, Nondo akachukua kandambili kuukuu ya Mama Vicheko. Akailaza juu ya vigoda viwili, akaikandamiza katikati. Ufa uliokuwa chini ya soli ukaachama.

"Umeona? Juu panabanwa, chini panavutwa. Zege linavumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Ndiyo maana bimu ya zege tutakayopitisha pale badala ya mbao itawekwa nondo nene upande wa chini. Nyinyi mmeunga mbao pale pale panapoelemewa zaidi!"

Akavitenga vigoda zaidi. Kandambili ikabonyea zaidi.

"Nguzo zikiachana, bimu inataka kimo zaidi. Kiasi gani? Hapo hatukisii. Mwite mhandisi."

"Kumbe kandambili yangu imesoma kunishinda!"

Mhandisi alipima, akachora. Zikajengwa nguzo mbili zenye msingi wake, na bimu ndefu juu yake. Akaonya miti isiguswe kwa wiki nne, zege likomae. Wiki hizo familia ililala kwa shemeji, na umbea ukahamia uani huko.

Siku ilipofika, seremala alikwisha kunyoosha mlango wa juu. Mafundi wakatoa miti, mmoja mmoja. Mhandisi akakagua bimu, akaitikia kwa kichwa. Ndipo bibi akapanda kujaribu mlango wake; sakafu ikiwa imeshuka tena, ungegoma. Huku chini sebule pana ilijaa watu, na hakuna aliyepumua.

Ta!

"Umefunga!" bibi alipaza sauti. "Sasa fungeni na midomo, nipumzike."