Konokono wa Mzee

Siku bomba la mapokezi ya hospitali lilipopasuka, watu wote walikimbia isipokuwa muuguzi mmoja, aliyekuwa amemshika bibi mgonjwa mkono na hakuweza kumwachia. Alilowa kuanzia kichwani hadi viatuni. Fundi bomba alipofika na spana yake, alikuta gauni jeupe limemganda mwilini, akaangalia ukutani kwa adabu.

"Fundi, mimi nilishaoga asubuhi," alisema muuguzi.

"Basi hiyo ni ya jioni, sista. Nimekuwahishia."

Muuguzi akacheka. Ni wanaume wangapi wamepata mchumba kwa bomba bovu sijui, ila huyu alianzia hapo. Simu zikawa haziishi. Muuguzi akamwita Spana, naye akaitwa Daktari Wangu, ingawa kila mara alikana cheo hicho. Haukupita muda mrefu, Spana akapewa ufunguo wa nyumba.

Ndipo baba wa muuguzi akaja kumtembelea bintiye, akiwa amepakata ndoo yenye mfuniko njia nzima. Kesho yake baba na binti walitoka kwenda sokoni. Spana akaja kuziba bomba la bafuni lililokuwa likivuja, asiaibike mbele ya mkwe. Alipofungua mlango wa bafu, konokono wakubwa walikuwa wametapakaa ukutani, kwenye kioo, mmoja juu ya mswaki. Akili ya ufundi ikamwambia wametokea kwenye mtaro. Akawazoa wote kwenye ndoo aliyoikuta wazi pale pale, akishukuru bahati yake, akaenda kuwamwaga jalalani. Akapiga dawa sakafu nzima, kisha akapiga simu.

"Mpenzi, umeokoka. Bafu lako lilivamiwa na konokono. Nimewamaliza."

Kule sokoni muuguzi akasimama ghafla.

"Haloo?"

"Hao ni chakula, Spana. Baba ndiye aliyeniletea. Tuliwaacha na njaa wasafike tumbo, ndipo tuwapike."

"Chakula? Mnakula uchafu ule?"

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Baadaye ikawa haipatikani kabisa. Spana hakula, hakulala. Aliona anampoteza mwanamke anayempenda, tena kwa neno lililomtukana mzee aliyesafiri na zawadi mapajani. Aliona aibu, na alistahili.

Siku ya baba kuondoka, Spana alivaa suruali yake ya kuendea harusi za watu na shati la bluu lililopigwa pasi likakauka kama ubao, akabisha hodi. Mzee ndiye aliyefungua. Muuguzi alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye niliyewatupa. Naomba radhi. Nikipewa nafasi nitawala hata wabichi."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Nani kakuomba ule? Marehemu mama yake hakuonja hata mmoja. Alinipikia kwenye sufuria yangu, yeye akala maharage yake, meza moja, maisha yetu yote. Lakini hakuniambia hata siku moja kwamba nakula uchafu."

"Sitarudia, baba."

"Kwa baba ni rahisi," muuguzi akadakia. "Na mama yako je? Tutamficha ninachokula, niwe naongopa kila nikikaa mezani kwake?"

Spana akajua hapo ndipo penyewe. Mama yake alikuwa na kinyaa cha kupindukia. Kwake hata kamba wa baharini ni wadudu. Akatoa simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mama, mchumba wangu anakula konokono."

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Ndicho ulichonipigia?" mama akauliza. "Mtoto wewe utaniua. Hukunisalimia, nikajua una msiba. Konokono jikoni kwangu hawaingii. Kwake apike atakavyo, nikija mimi anikaangie yai. Haya, huyo mchumba yuko wapi?"

Spana akashusha pumzi ndefu. Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mchumba?" muuguzi akanong'ona. "Umeniposa lini?"

"Sasa hivi. Baba yupo, mama yuko hewani." Akamnyooshea simu. "Kama umekubali, msalimie."

Muuguzi alimtazama babake, akamtazama yule mwanamume aliyelowa jasho, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema.