Programu ya Siku Moja

Kila alasiri, Apiyo alipotoka shuleni alichota maji kwenye bomba la jirani, akapanga nyanya kwenye kibanda cha mama yake, kisha akaketi kando ya dada yake Dorca kusikiliza kompyuta ikisoma vitabu kwa sauti. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Nyalenda, ambako kelele za majirani zilipenya kuta za mabati, lakini sauti ile ya kompyuta ilisikika vizuri. Dorca alikuwa kidato cha nne. Macho yake yalikuwa yamedhoofika hata asiweze tena kusoma kitabu, hivyo aliyategemea masikio.

Programu ile ya kusoma ilikuwa ya kununua. Watengenezaji waliitoa bure kwa siku moja tu, na mwalimu wa Dorca akaiwahi, akaiweka na kuamilisha leseni yake. Aliwaonya wasiiondoe, kwa sababu siku ile ikishapita, leseni nyingine ingekuwa ya kulipia, na bei yake hawangeimudu.

Jumamosi moja Dorca alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Apiyo alitaka kuweka mchezo wa magari, lakini kompyuta ilikuwa nzito, ikikwama kila mara. Rafiki yake alikuwa amemwambia dawa yake ni kuuweka upya mfumo unaoiendesha kompyuta, akamwazima na flashi ya kufanyia kazi hiyo. Apiyo akaichomeka, akabonyeza ndiyo, akabonyeza tena ndiyo bila kusoma maneno yaliyoandikwa. Baadaye kompyuta iliwaka ikiwa nyepesi. Programu ya kusoma haikuwepo.

Aliitafuta kila mahali. Alipojaribu kuipata tena mtandaoni, aliombwa namba ya leseni. Ofa ilikuwa imefungwa miezi mingi iliyopita.

Dorca aliporudi, Apiyo alimwambia kwamba virusi vimeingia kwenye kompyuta na kuila programu. Dorca hakumgombeza. Alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Mtihani ni baada ya wiki tatu," alisema polepole.

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Mwalimu aliwaandikia watengenezaji, hakujibiwa. Mama alijaribu kumsomea Dorca historia, lakini alikwama kwenye maneno magumu na usingizi ukamshinda. Siku ya tano Dorca alivifunga vitabu vyake kwenye katoni na kuvisukuma chini ya kitanda. Apiyo aliona, akashindwa kula. Kila alipotaka kusema ukweli, alichukua ndoo akaenda bombani.

Siku ya nane, Mama alimchukua Apiyo wakaipeleka kompyuta kwa Bwana Wakhungu, fundi wa kompyuta aliyekuwa na duka mtaa wa Kondele. Mama alimweleza habari ya virusi. Fundi alitikisa kichwa. Alisema programu hiyo waisahau, na kwamba kama ni virusi, hana budi kuifuta diski yote ibaki tupu. Akachomeka waya, akaanza kazi.

"Si virusi," Apiyo alisema. "Ni mimi. Niliweka mfumo upya Jumamosi iliyopita, ndipo programu ikapotea."

Mama alimgeukia. Fundi aliondoa mkono kwenye kibodi. Alimuuliza aliuwekaje, na kama alifuta diski kwanza. Apiyo alimweleza yote, hatua kwa hatua.

Bwana Wakhungu alieleza kwamba mfumo mpya ukiwekwa hivyo, ule wa zamani huhifadhiwa pembeni kwa siku kumi, kisha hujifuta. Alipekua folda moja baada ya nyingine. Akapata faili ya kuwekea programu, na baadaye ile ya leseni. Mara ya kwanza programu iligoma, ikaomba namba. Mara ya pili pia. Mama akainamisha kichwa. Mara ya tatu, fundi alipoirudisha faili ya leseni mahali ilipokuwa zamani, sauti ile ikasoma.

"Ungekawia kidogo tu, ningefuta kila kitu," fundi alimwambia Apiyo. "Ukweli wako ndio ulionionyesha pa kutafuta."

Apiyo alimtazama mama yake akitarajia tabasamu. Hakuliona.

"Programu imerudi," Mama alisema. "Lakini dada yako amepoteza siku nane, na hizo hakuna fundi wa kuzirudisha. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo."