Kobe Aliyekosa Jua

"Anavuka daraja, anakata kulia," Msumari alinong'ona kwenye kola ya shati. "Kofia ya kijani, kamera ya Canon. Niko nyuma yake."

"Na binti yetu anaendeleaje?" sauti ya Kinyozi ikauliza sikioni.

"Amenikalia shingoni, ananipiga mateke kama punda wake."

Kinyozi alicheka. Toyota yake nyeupe ilikuwa imeegeshwa nje ya lango kuu, mahali pa kupokea taarifa zote.

Usishangae jasusi kwenda kazini na mtoto. Kituo cha wanyama na miti katikati ya jiji, Jumapili asubuhi, ni akina mama na vigari vya watoto, akina baba na vikapu vya chakula. Mwanamume wa peke yake anajianika mwenyewe. Wazo lilikuwa la Kinyozi. "Mchukue binti yako," alisema. "Si kila siku unamwahidi kumpeleka kuona wanyama?" Na Msumari, ambaye ahadi zake kwa mtoto zilikwisha kuota kutu, alikubali.

Aliambiwa kazi ni nyepesi. Mgeni wa kofia ya kijani amekuja kuchukua kitu kilichoibwa. Mtazame tu. Atakayemsogelea, huyo ndiye mwizi.

Kitu chenyewe ni nini, hakuambiwa.

Mgeni alitoka kwa mlango wa nyuma wa kituo, akaenda kukaa kwenye bustani ya chini, ng'ambo ya wavu. Kamera magotini. Hakupiga picha hata moja. Aliangalia saa, akatazama tundu dogo lililokuwa chini ya wavu, akaangalia saa tena.

Msumari alimshusha binti, akakaa kwenye benchi pembeni ya Njia ya Familia. Bastola yake, Glock, ilimbana mbavu. Mkononi alishika flaski ya chuma yenye chai.

"Baba, tukamwone kobe!"

"Nenda, mama. Usitoke machoni pangu."

Kobe alikuwa amejilaza katikati ya njia, mkubwa kama beseni la kufulia, watoto wamemzunguka. Dada mmoja mwenye buti za mpira, mwongozaji wa wageni, alikuwa akiwaeleza.

"Kila asubuhi hupita hapa kwenda bustani ya chini. Lile tundu kwenye wavu ni mlango wake. Lakini leo kuna mawingu. Huyu bila jua hatembei, hata umwimbie."

Watoto wakamwimbia. Wapi!

Simu ikatetemeka. Alikuwa Mkuu wa Idara.

"Maabara iliyoibiwa imetujibu," Mkuu alisema. "Kilichoibwa ni kichupa cha virusi. Kikifunguka hapo ulipo, hatoki mtu hai."

"Mkuu, nina mtoto hapa."

"Najua."

"Nimtoe?"

"Ukikurupuka, mgeni atashtuka na kichupa kitatupotea. Tutazika nusu ya jiji. Kaa hapo hapo."

Simu ikakatika. Msumari alimchukia yule mzee kwa moyo wake wote. Kisha akajichukia yeye mwenyewe, baba mzima, aliyemleta mwanawe kwa mikono yake.

"Msumari." Kinyozi sikioni. Hakuwa akicheka tena. "Mwondoe mtoto kwa huyo kobe."

"Unasemaje?"

"Mwondoe! Sasa hivi!"

Msumari aligeuka kutazama upande wa lango. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba binti yuko kwa kobe. Na kutoka langoni, njia ile haionekani kabisa, miti imeziba.

Kwa nini kobe?

Tundu kwenye wavu. Mgeni na saa yake. Masikini ya Mungu, mnyama mwenyewe ndiye aliyebebeshwa mzigo!

"Baba!" Binti alikuwa amepiga magoti, mkono wote chini ya gamba. "Kobe ana kidude cha chuma huku. Kimegandishwa. Ngoja nikibandue."

"Asikivute!" Kinyozi alikuwa karibu kulia. "Kifuniko chake kimelegea. Mwambie sanamu. Sanamu, ndugu yangu, tafadhali!"

Ulikuwa mchezo wa wawili hao. Kinyozi ndiye aliyemfundisha, Jumapili zile alizokuja kula nyumbani na mtoto akamzoea hadi kumwita baba mdogo. Ukiambiwa sanamu, unaganda. Ukijitikisa, umeshindwa.

"Sanamu!" Msumari aliita.

Binti akaganda, vidole vyake vimeng'ang'ania chuma.

Msumari alitembea. Alitaka kukimbia, akatembea, huku akiwachekea wazazi wenzake. Alipomfikia mwongozaji alimnong'oneza, "Dada, wapeleke hawa wakaone bata. Wote. Usiulize kitu."

Yule dada alimtazama usoni mara moja tu. "Haya! Nani anataka kulisha bata?"

Wakatimka kwa vifijo.

Alipiga magoti. Akamwachisha binti kidole kimoja kimoja. Akamwaga chai kwenye majani, akakata gundi kwa kisu cha mfukoni, dole gumba limekandamiza kifuniko. Kichupa kikatoka. Akakididimiza ndani ya flaski na kukaza mfuniko hadi kiganja kikauma.

"Nimeshinda, baba?"

"Umeshinda, mama."

Ng'ambo ya wavu, mgeni alikuwa amesimama. Alifungua tumbo la ile kamera, akatoa bastola.

Msumari aliubana uso wa mwanawe kifuani.

Glock yenye kizuia sauti ilikohoa mara moja. Kofia ya kijani ikaviringika kwenye majani, mwenyewe akaifuata.

"Mkuu, kichupa ninacho. Mgeni amelala," aliripoti kwa simu.

"Na mwizi?"

Msumari aliinua macho. Juu ya nguzo kilisimama kibanda cha mbao cha kutazamia ndege. Dirishani, darubini ilikuwa bado inamtazama yeye na mtoto.

"Namfuata," alisema.

Alimwacha binti kwa mwongozaji, kwenye bata, akapanda ngazi. Kinyozi alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, bastola yake ameiweka mbali dirishani.

"Yule kobe alitakiwa awe ameshavuka kabla hamjafika," alisema. "Ni mawingu tu, ndugu yangu. Mawingu tu yameniharibia."

"Wewe ndiye uliyesema nimlete."

"Ukiwa na mtoto, macho yako yanakuwa kwake. Nilitaka hivyo."

Msumari alitamani kumvunja meno. "Ungenyamaza, nisingekujua kamwe."

"Ningenyamazaje? Si mwanangu yule?"

"Na nusu ya jiji? Watoto wa wenzio?"

Kinyozi alitazama sakafu. "Hao siwajui."

Pale ndipo Msumari alipoelewa kwamba rafiki yake wa miaka yote hakuwa na huruma, isipokuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa binti wa Msumari mwenyewe. Ilimuuma kuliko kama Kinyozi angekuwa hana huruma kabisa.

"Niache nishukie nyuma," Kinyozi aliomba. "Kwa ajili yake. Unajua kitakachonipata. Ni kitanzi."

"Najua."

Pingu zikalia. Msumari akavua jaketi, akamfunika mikono isionekane.

Chini, binti aliwaona, akaja mbio. "Baba mdogo! Nilikuwa sanamu! Sikujitikisa hata kidogo!"

"Nilikuona," Kinyozi alisema. "Uliganda barabara."

Wanaume wawili wa Idara, waliotumwa na Mkuu, walimshika huku na huku, wakaanza kumpeleka.

"Anaenda wapi?"

Msumari alitaka kusema kazini. Akachoka kumdanganya mtoto. "Anaondoka, mama. Hatarudi."

Binti aliwatazama wakienda. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Baba mdogo! Sanamu!"

Kinyozi akaganda. Mguu mmoja mbele, kichwa kimeinama, hata bega halikutikisika. Wale wanaume wakamvuta, hakuenda. Wakatazamana, hawajui wafanye nini. Walilazimika kumbeba.

Langoni gari la maabara lilikuwa likisubiri. Msumari alishika flaski mkono mmoja, mkono wa binti katika mwingine, wakashuka Njia ya Familia polepole, wakampita kobe pale pale alipolala.