Viti vya Madame

Jumatatu hiyo haikuwa na lolote la ajabu. Thérèse alikuwa barazani akiosha brashi zake za kuchorea kwa petroli, mara mama yake akapanda kilima akihema. Mama Angélique alikaa kwenye ngazi, akafungua fundo la kitenge na kutoa picha ndogo ya pasipoti. Ilikuwa ya Isidore, kaka yake Thérèse.

"Jumamosi tunamaliza matanga," akasema. "Umuchore mukubwa, watu wamuone."

"Mama, hakuna aliyeona maiti yake."

"Mwaka na miezi miwili, binti yangu. Nimechoka kusikiliza mulango."

Isidore aliondoka Kalemie vita vikiwa vichanga, baiskeli imesheheni chumvi na ndagala, dagaa wa ziwani, akielekea Nyunzu. Alipita Niemba, hilo lilijulikana, kisha njia ikafungwa nyuma yake. Mama alikuwa amekata tamaa. Thérèse alikuwa bado, na kuchora picha ya matanga kwake ilikuwa sawa na kumzika kaka yake kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mama ni mama. Akaipokea.

Nyumba alimokaa Thérèse, ya mawe, kilimani nje ya mji, ilijengwa na Mbelgiji mmoja aliyefanya biashara ya pamba. Mkewe, Madame, alishinda humo akichora, na mwaka wa uhuru walipokimbilia Kigoma aliacha kila kitu. Popo wakaimiliki miaka mingi, hadi Papa Valère, mwalimu wa uchoraji aliyestaafu, alipoifungua kwa wachoraji. Walikuja kwa boti kutoka Moba, kwa treni kutoka Kongolo, wakakaa mwezi au miwili, wakachora, wakagombania rangi, wakala ugali wa Papa Valère ambao, tuseme ukweli, ulikuwa mbichi katikati. Vita vikawatawanya. Sasa walibaki mzee na Thérèse tu.

Stoo kulikuwa na picha kumi na nne za Madame, na zote zilikuwa za kiti kilekile cha henzerani, kitupu. Wachoraji walimcheka sana mzungu huyo aliyependa viti kuliko watu. Papa Valère hakucheka. Alikataza zisiguswe, na sababu hakuitaja.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Wachoraji wa huku huchora kwenye mifuko ya unga, na mwaka huo mifuko yote ilikuwa imegeuka mapaa ya wakimbizi. Jumanne, mzee akiwa sokoni, Thérèse aliingia stoo akachukua picha moja ya kiti, akaificha chumbani kwake. Aliwaza kama mchoraji aliyeishiwa: kiti kipo tayari, kivuli kipo, rangi ni kidogo, kimebaki kumkalisha mtu tu. Uso aliutoa kwenye pasipoti, mwili akautoa kichwani. Alimpa kaka yake shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi, maana Isidore alipenda kupendeza.

Kazi ilikwenda kwa wepesi uliomtisha. Mkono ulitangulia, yeye akafuata. Jumatano mchana alikuwa amemaliza yote isipokuwa macho, ambayo katika picha za matanga hutiwa mwisho. Akarudi nyuma hatua mbili ili aitazame vizuri.

Kifua cha shati kilikuwa kinapanda na kushuka.

Alifumba macho, akafumbua. Kimetulia. Ila picha ilitoa joto, kama mtu aliyekaa karibu nawe kwenye benchi.

"Umemukalisha muntu," mtu akanong'ona. Papa Valère alikuwa mlangoni, nyanya alizotoka kuchuma zimetawanyika sakafuni.

"Papa, nilikosa mufuko..."

"Vile viti havikukuwa tupu, Thérèse. Baba yangu alikuwa mupishi hapa. Mutumishi akitoroka, Madame anamuchora kwa kile kiti. Kesho yake mutumishi iko jikoni. Hasemi. Hakuli. Bibi yake anakuja kumuona, anarudi analia: huyu si bwana yangu."

"Na picha?"

"Kiti kinabaki tupu." Mzee alimshika bega. "Usimutie macho. Bila macho hataona njia. Nakuomba."

Thérèse aliogopa. Lakini katika maneno yote hayo, kichwa chake kilishika moja tu: wanarudi. Alhamisi asubuhi mzee alipokwenda kumwita katekista aje kuiombea nyumba, alichukua brashi ndogo kuliko zote.

"Rudia nyumbani," alinong'ona. "Hata namna gani, rudia."

Akatia macho.

Ijumaa, saa sita mchana, alikuwa uani kwa mama yake wakimenya mihogo. Isidore akaingia. Shati jeupe. Viatu vinang'aa, havina hata vumbi. Mama alimrukia shingoni, majirani wakapiga vigelegele, matanga yakageuka karamu. Thérèse alimshika mkono. Mkono ulinata. Ulinuka petroli.

Wakampa chakula, hakula. Wakamuuliza, hakujibu. Nzi walitua kwenye sahani, kwenye meza, kwa kila mtu. Juu yake hakutua hata mmoja.

"Ni taabu ya njia," mama akasema, akimpapasa mashavu.

Jumamosi asubuhi alikuwa bado kwenye kiti alichokalishwa jana. Hakuwa amelala. Alikuwa akimwangalia mama yao, na hakupepesa macho. Hapo Thérèse alishindwa kuvumilia. Alipanda kilima mbio.

Kwenye picha, kiti kilikuwa kitupu.

Aliimwagia petroli, akaiwasha. Papa Valère alifika na ndoo, kumebaki majivu.

"Umekichoma?" Mzee aliweka ndoo chini. "Madame hakuchoma hata kimoja. Sasa huyu wa picha atarudia wapi? Atashika nafasi ya Isidore mwenyewe."

Thérèse hakusubiri. Alishuka akikimbia, khanga ikamdondoka asiiokote. Karibu na nyumbani alikutana na jirani yao, Mama Mwanvua.

"Umekosa mambo. Kumekuja mulozi kwenu, muchawi, sasa hivi! Muntu mukavu, bila viatu, muguu mumoja umefungwa kitambaa. Anasema yeye njo Isidore, Isidore mwenyewe. Analia, 'Mama, njo mimi, nimetembea toka Nyunzu.' Mama yako alimufungia mulango. Vijana wakamupiga mawe."

"Ameenda wapi?"

"Kwa reli."

Mlango wa mama ulikuwa wazi tena. Ndani, yule wa shati jeupe alikuwa mbele ya sahani. Alikuwa anakula. Anakula kwa mikono yote miwili, mama anacheka, anamwongezea. Akainua uso. Akapepesa macho, mara ya kwanza.

"Dada," akasema, kwa sauti ya Isidore kabisa. "Karibu tukule."

Thérèse alirudi kinyumenyume hadi nje. Mbele ya kizingiti, vumbini, kulikuwa na nyayo: mguu mtupu, mguu wa kitambaa. Zilifika mlangoni. Zilisimama hapo muda mrefu. Kisha ziligeuka.

Alizifuata hadi kwenye reli. Tone la damu juu ya taruma moja linalobeba reli, tone juu ya lingine, kuelekea Niemba.

"Isidore!"

"Naam," akajibiwa nyuma yake, kutoka nyumbani.

Alikimbia. Aliita tena. Akajibiwa tena nyuma, karibu zaidi. Hakugeuka. Akaacha kuita, akahesabu matone tu, hadi yalipokoma, katikati ya reli, peupe, mahali pasipo hata kichaka cha mtu kujificha. Juu ya taruma la mwisho kulikuwa na kitambaa chenye damu, kimekunjwa vizuri mara nne.

Alikiokota. Kilikuwa bado na joto la mwili.